Kumbukumbu Zinazofanana

Alfajiri ya Pasaka, Lediana Mgaya alikuwa ameshamdharau kila mtu mjini Njombe, na hata chai alikuwa hajanywa.

Aliwadharau waliokuwa wakipanda kilima cha Ghala alfajiri ile, wamevaa makoti mazito juu ya sare za kwaya, wanakanyaga umande na kuimba kwa sauti nne. Aliwadharau zaidi kwa kuamini kwamba wafu wao walikuwa wakiwangojea. Hakuna mfu aliyekuwa akimngojea mtu. Mkazi wa Ghala, yaani marehemu ambaye akili yake imehifadhiwa kwenye kompyuta za humo, asipozungumzishwa halali wala hakai macho. Akili yake ni kurasa tu, maelfu kwa maelfu, na kurasa zikikaa muda mrefu bila kuguswa zinashushwa kwenye stoo ya baridi chini ya ardhi, kama viazi. Lakini waambie hayo watu wa Njombe! Wao walikuja na maua, na wengine walikuja na vyakula.

Yeye alikuwa mhandisi wa kiini. Kiini ni programu iliyo chini ya programu nyingine zote. Wakazi hawaioni na ndugu zao hawajui kama ipo, na kazi yake kubwa ni kujua kila fremu ya kumbukumbu imeshikwa na nani. Fremu za Ghala zote zilikuwa na ukubwa mmoja, mfano wa zile fremu za maduka pale stendi, mlango kwa mlango. Ukurasa mmoja wa akili ya mtu huingia kwenye fremu moja. Kila fremu ina lebo yake ndogo inayosema kama ina mtu au ni tupu, inashikwa na wangapi, imeguswa karibuni au imesahauliwa, yaliyomo yamebadilika au yako vilevile. Fremu mbili jirani zikibaki tupu, kiini huvunja ukuta wa katikati na kupata moja kubwa. Akija mwenye haja ndogo, hukata tena. Hakimjui mtu kwa cheo wala kwa ukoo. Lediana alikipenda kwa sababu hiyo, maana kilikuwa kitu pekee mjini kisicho na porojo.

"Dada Ledi, foleni imefika kwenye miti ya miwati," alisema Otmary, fundi wa vibanda vya mazungumzo, akichungulia mlangoni. Alikuwa kijana mpole, mwenye masikio makubwa na moyo mkubwa, na Lediana hakuona faida ya kimojawapo. "Wamekuja wote. Akina Nyagawa wamekodi basi zima."

"Waje. Watalia, watapangusa makamasi, watarudi nyumbani kula nyama."

"Na wewe si uingie leo? Kibanda cha saba nimekuwekea. Ni Pasaka, dada. Mama yako..."

"Mama yangu namwona kila siku."

Alionyesha ukuta. Kwenye kioo kikubwa kurasa za wakazi wote zilionekana kama nukta za rangi, nyekundu zinazotumika, za kijani zinazopumzika, na za buluu zilizoshushwa stoo. Mama yake, Yustina, alikuwa pembeni kulia, buluu tupu. Tangu mwanamke yule azikwe na akili yake ihamishiwe Ghala, Lediana hakuwahi kukanyaga kibandani. Kukaa kwenye kiti cha plastiki na kuiambia spika "nimekukumbuka" aliona ni mambo ya watu wasio na kazi.

"Nukta haiongei," alisema Otmary.

"Ndiyo raha yake."

*

Tatizo lilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Obedi Kilasi, Mkurugenzi wa Ghala.

Kilasi alikuwa amepokea wafu wengi kuliko fremu alizonazo. Tuseme haki: jambo lenyewe si dhambi. Kila kiini duniani huahidi nafasi kuliko iliyopo, kwa kuwa si wote wanaoitaka kwa wakati mmoja. Anayelala hushushwa, anayeamka hupandishwa, na hakuna anayejua kwamba fremu yake ilikuwa ya mwingine muda mfupi uliopita. Ila mchezo huo unataka mtu anayejua siku ambayo wote watakuja. Kilasi alizaliwa Njombe, akabatizwa Njombe, na kila Pasaka ya maisha yake aliimba alfajiri makaburini pamoja na ukoo wake. Hii ilikuwa Pasaka ya kwanza tangu Ghala lifunguliwe, naye alipiga hesabu zake zote akiamini kwamba siku hiyo watu wataendelea kwenda makaburini kama zamani. Haikumpitia kichwani kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayekwenda kuliimbia kaburi wakati mwenyewe yuko kilimani, anaongea.

Jua lilipopanda juu ya mashamba ya chai, vibanda vyote isipokuwa cha saba vilikuwa vimejaa na kioo kilikuwa chekundu. Kiini kilishusha kila kilichoweza kushushwa. Lakini aliyeshushwa ukurasa wa harusi yake anaulizwa na mjukuu habari za harusi, basi ukurasa uleule unapanda, na ili upande lazima mwingine ushuke, na wa huyo mwingine unaulizwa hapohapo. Ikawa ni kupishana kwenye ngazi tu, kazi yenyewe hakuna. Vibandani sauti za marehemu zilianza kukatika katikati ya maneno. Mtoto mmoja alicheka akisema babu amelewa.

Ndipo mnyongaji alipoamka.

Hilo ndilo jina ambalo mafundi walilipa kipande cha mwisho cha kiini. Fremu zikiisha kabisa, na stoo nayo ikijaa, kiini hakikubali Ghala zima lizimike. Humtafuta mkazi mmoja, kikamfuta, kikagawa nafasi yake yote, ya juu na ya stoo. Humchagua anayechukua nafasi kubwa na anayetembelewa kidogo, basi, hakuna mashauri. Kati ya methali zote za Kiswahili kiini kilijua moja tu: asiyekuwepo na lake halipo. Mnyongaji alikuwa hajawahi kufanya kazi tangu Ghala lifunguliwe. Lediana alikuwa amemwekea muda mfupi wa kusubiri kabla ya kukaza kamba, si kwa huruma bali apate kuandika taarifa vizuri.

Jina lilitokea juu ya kioo kwa herufi nyeupe: YUSTINA MGAYA.

Lediana alilisoma mara ya kwanza kama mhandisi, akaona hesabu ni sahihi. Mama yake alichukua nafasi kubwa, kwa sababu alikumbuka kila kitu na hakusamehe hata kimoja. Wageni hakuwa na hata mmoja. Alilisoma mara ya pili kama binti.

"Otmary!" aliita. "Kibanda cha saba kingali kitupu?"

*

Kibanda kilinuka plastiki na mafuta ya nywele ya mtu aliyekitumia jana. Alikaa. Mpango wake ulikuwa rahisi: mgeni aandikwe, kurasa ziguswe, mama aache kuonekana ametelekezwa.

"Kamwene, Mama."

Spika ilikwaruza. Sauti ilipanda polepole kutoka stoo, kavu vilevile kama alivyoiacha.

"Nani?"

"Mimi. Lediana."

"Lediana. Nilikuwa naye mmoja wa jina hilo. Nikadhani amekufa, maana waliokufa ndio hawatembelei watu. Kumbe niliyekufa ni mimi."

"Nilikuwa na kazi, Mama."

"Na kazi yako si iko humu humu ndani? Ungekuwa Dubai ningeelewa."

Lediana alitazama saa. Alikuwa amesahau jinsi mwanamke huyu anavyojua kumfanya mtu awe na miaka kumi.

"Mama, ongea tu. Chochote. Nina haraka kidogo."

"Haraka! Hata kwa marehemu una haraka. Wewe tangu zamani. Unakumbuka siku ya matokeo yako ya kidato cha sita? Ulikuja mbio na simu mkononi, ukasimama katikati ya uwanja, unataka nikupigie vigelegele majirani wasikie. Nikakuuliza kuni ziko wapi."

"Nakumbuka." Angewezaje kusahau? Alikuwa ameijenga nafsi yake yote juu ya swali lile.

"Ulinuna wiki nzima. Nilikuona. Lakini nilijua, huyu nikimpamba leo, kesho atadharau watu, na mwisho atanidharau mimi. Basi sikukupamba, na bado umenidharau. Mdharau mwiba mguu huota tende, Ledi. Sikiliza sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Usiku ule, ulipolala, mimi nili..."

Kengele ya simu yake ililia. Kiini kilikuwa kikimtaarifu kwamba alama za kufutwa za Yustina Mgaya zimepanda. Lediana alielewa mara moja, akajiona mjinga kuliko wote waliopanda kilima. Mgeni mmoja hakumsaidia mtu aliyekosa wageni tangu azikwe. Ila kwa kumwamsha, kurasa zake zote zilikuwa zimepandishwa kwa pamoja, na sasa alikuwa mkubwa kuliko mkazi yeyote. Alikuwa amekimbia kumwokoa mama yake na badala yake amemsogeza kwenye kamba.

"Mama, subiri. Narudi sasa hivi."

"Eee, nenda," spika ilimwambia mgongoni. "Mimi nina pa kwenda?"

*

Kilasi alikuwa amesimama mbele ya kioo, suti ya Pasaka, jasho shingoni, anapuliza simu yake utadhani ni chai.

"Mhandisi, huyu Yustina ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Ah!" Uso wake ulifunguka kwa nafuu. "Basi hilo siyo tatizo. Si kuna kinga? Mwekee mama kinga, kidole kiende kwa anayefuata. Anayefuata ni nani?"

Anayefuata alikuwa Mzee Yoramu Mlowe, mfuga nyuki wa Lupembe, aliyekufa bila mke wala mtoto na kumbukumbu zake nyingi zilikuwa za nyuki.

"Huyo sasa hana hata wa kumlilia," alisema Kilasi. "Bora yeye, mhandisi." Alisema hivyo kama mtu anayechagua kuku wa kuchinja kwa ajili ya wageni, tena kuku wa jirani.

Lediana alimtazama, akaona aibu kwamba wanavuta hewa moja. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kinga, na hakuna aliyekuwa ameuvuta kuupeleka pale. Kubonyeza tu. Nani angemuuliza? Mzee mwenyewe hata Pasaka hii hakuamshwa. Alikuwa stoo, buluu, na nyuki wake.

Akautoa mkono. Tusimsifu kupita kiasi: hakumhurumia Mzee Yoramu. Alishindwa tu kuvumilia wazo kwamba yeye na Obedi Kilasi wangekuwa wamefikiri jambo moja.

"Kuna njia nyingine," alisema. "Hakuna atakayefutwa."

Njia hiyo aliitengeneza mwenyewe. Tangu mwanzo kiini kilikuwa na kifaa kinachoitwa mlinganishi, kinachozunguka kwenye fremu usiku na mchana kikitafuta kurasa zilizo sawa kabisa. Wakazi wote wa Ghala walijua Sala ya Bwana. Ya nini kuiweka mara elfu? Mlinganishi aliacha nakala moja, akafuta nyingine zote, akawaelekeza wote kwenye fremu ileile na kuandika kwenye lebo idadi ya wanaoishika. Mmoja akitaka kubadilisha neno, kiini humpa nakala yake mwenyewe hapohapo, wengine wabaki na ya zamani. Haki tupu. Hakuna aliyepoteza kitu, kwa sababu sawa ni sawa.

Lediana alikuwa amekwenda hatua moja zaidi. Mwaka uliopita, akiwa amechoshwa na kusikia vilio vilevile vikipenya kuta za vibanda, aliandika namna ya kumlegeza mlinganishi aunganishe hata kurasa zilizo karibu sawa. Kwani zinatofautiana nini? Wote wana mazishi ya mvua, wote wana mchumba wa kwanza mwenye baiskeli, wote wana mtoto aliyefaulu. Kila mmoja anadhani huzuni yake imeshonwa kwa kipimo chake, na kumbe ni sare. Alikuwa amelifungia jambo hilo kwa ufunguo, akisema bado linajaribiwa. Ukweli ni kwamba alikuwa akilifurahia kama dhihaka ya siri juu ya mji mzima.

"Wakazi watajua?" aliuliza Kilasi.

"Watajuaje? Aliyebadilishwa hana cha kulinganishia."

"Na ndugu zao?"

"Ndugu zao wamekuja kusikia wanachotaka kusikia."

"Basi funika kombe mwanaharamu apite," alisema Mkurugenzi, akatoka kwenda kuwasalimia akina Nyagawa.

Otmary alikuwa bado mlangoni. "Karibu sawa," alirudia taratibu. "Karibu kiasi gani, dada?"

"Kiasi cha kumtosha mtu wa kawaida."

"Mama yangu na mama yako walijifungua zahanati moja, wiki moja, mvua ileile. Lakini mimi siyo wewe."

"Kwa hilo tumshukuru Mungu," alisema Lediana, akageuza ufunguo.

Kioo kilitulia mbele ya macho yao. Fremu zilianza kuachiwa, moja hapa, mbili kule, kisha safu nzima. Majirani watupu waliungana, kuta zikavunjwa, nafasi kubwa nyeupe zikafunguka katikati ya wekundu. Vibandani marehemu waliacha kugugumia. Jina la Yustina Mgaya lilififia, mnyongaji akarudi kulala, na Mzee Yoramu hakujua kwamba aliwahi kuwa wa pili. Hata mmoja hakufa. Lediana alitazama kazi yake na kujiona mtu pekee mwenye akili kwenye kilima kilichojaa waimbaji. Kisha akakumbuka sentensi iliyokatwa katikati.

*

Alitembea, hakukimbia. Aliketi kwenye kiti kilekile. Alijiambia amerudi kwa adabu tu, kwa kuwa alisema atarudi.

"Nimerudi, Mama."

"Karibu, mwanangu. Karibu sana."

Alisita. Mwanamke yule alikuwa hajawahi kumkaribisha mtu mara mbili katika sentensi moja.

"Ulikuwa unaniambia jambo. Siku ya matokeo. Ulisema usiku ule nilipolala, wewe uli... Ulifanya nini, Mama?"

"Siku ya matokeo!" Sauti ilikuwa yake, ukavu wake wa koo ule ule, ila kulikuwa na kitu laini kimemiminwa juu. "Nitaisahauje? Ulikuja mbio, na mimi nikatupa ungo chini nikakupokea. Nikakukumbatia mbele ya majirani wote. Nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Nililia siku ile, mwanangu. Nililia kwa furaha."

Lediana alisogeza kiti karibu na spika. Miaka yote aliyangoja maneno yale. Aliyangoja akiwa chuoni, aliyangoja kazini, aliyangoja hata kando ya kitanda cha hospitali, ambapo mama yake alitumia pumzi za mwisho kumkosoa alivyokunja shuka. Alifunika uso kwa mikono, akalia kama wale wote aliowacheka asubuhi, na makamasi vilevile.

"Nikakukumbatia," spika iliendelea, "nikasema, Mungu ameniona."

Na kutoka ng'ambo ya ukuta wa mbao, kibanda cha nane, sauti ya mama mwingine ilisema, ikipumzika palepale, ikivuta pumzi palepale: "Nikakukumbatia, nikasema, Mungu ameniona." Binti asiyemjua akacheka na kulia kwa pamoja. "Kweli, Mama? Hukuwahi kuniambia!"

Lediana alifungua lebo ya ukurasa ule kwenye simu yake. Wanaoushika: arobaini na moja. Alitafuta ule wa zamani, wa uwanja, wa kuni, wa usiku ule. Fremu ilikuwa imeachiwa, imeunganishwa na jirani yake, imekatwa tena, na sasa ndani yake ilikaa kumbukumbu ya jogoo wa mtoto wa akina Nyagawa. Alichokifanya mama yake usiku ule hakikuwa kimeshushwa wala kufichwa. Hakikuwepo mahali popote.

Angeweza kumsahihisha. Neno moja tu, "Hapana Mama, uliniuliza kuni," na kiini kingempa nakala yake mwenyewe hapohapo, fremu sasa zilikuwepo tele. Lakini nakala hiyo ingekuwa maneno ya Lediana kinywani mwa mama yake, tena yangeishia pale alipolala. Zaidi ya hapo hakujua kitu, kwa sababu alikuwa na haraka.

Alipangusa uso. Alijaribu kuudharau ule mkumbatio kwa nguvu zake zote, na haikuwezekana.

"Mama," alisema mwishowe. "Na kuni je?"

Spika ilikwaruza, ikitafuta kwa bidii.

"Kuni gani, mwanangu?" mama yake aliuliza kwa upole.